Kete ya Thelathini na Moja

Kila siku baada ya masomo, Hilaria alifagia darasa la sita, akamwagilia maua ya shule, kisha akakaa na mwanafunzi mwenzake Nyanzala kwenye ubao wa Go. Mchezo huo uliletwa Mpanda na mtaalamu wa mpunga kutoka Japani, ambaye alimfundisha mwalimu wao, Mwalimu Skolastika, kabla ya kuhamia Majimoto. Wachezaji wawili hupokezana kuweka kete kwenye makutano ya mistari. Kete zilizozingirwa hutolewa, na mwenye eneo kubwa hushinda.

Mwalimu alikuwa na sharti moja: katika daftari la mirabaraba, namba ya zamu ya kila kete iandikwe mahali kete hiyo ilipowekwa. Kila Ijumaa aliyapitia madaftari na kumwonyesha kila mwanafunzi kosa lake.

Hilaria alishindwa wiki ya kwanza yote, na ya pili pia. Nyanzala, ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka Usukumani, alicheza polepole bila kusema neno, na ukimya huo ulimkera Hilaria kuliko kushindwa kwenyewe. Wiki ya tatu habari zikaja kwamba yule mtaalamu angefika Jumamosi kucheza na mwanafunzi mmoja. Hilaria alitamani sana kuchaguliwa. Lakini alishindwa tena.

Kumbe tangu mwanzo, kila akifika nyumbani, alichukua raba, akafuta namba na kuandika nyingine, mpaka daftari likaonyesha kwamba alikaribia kushinda.

Ijumaa hiyo Mwalimu alitandika ubao, akamwambia amsomee kila namba na mahali pake. Walipofika kete ya thelathini na moja, mkono wa Mwalimu ulibaki hewani.

“Hapa pana kete ya Nyanzala, na haijatolewa,” alisema. “Hii niiweke wapi?”

Hilaria alilifunga daftari.

“Nilifuta, Mwalimu. Nimechoka. Kila siku najitahidi, kila siku nashindwa.”

Mwalimu hakumchapa. Alimwita Nyanzala, na wote watatu wakaupanga upya mchezo wenyewe kama Hilaria na Nyanzala walivyoukumbuka. Hapo kosa likaonekana. Kete tatu za Hilaria zilikuwa zimeshazingirwa, lakini yeye aliendelea kuziongezea nyingine ili aziokoe, mpaka akapoteza tisa. Nyanzala alisema kwa sauti ndogo kwamba ndivyo ilivyokuwa karibu kila siku. Hilaria alikasirika, kwa kuwa alijua ni kweli.

Jumamosi Nyanzala ndiye aliyecheza na mgeni. Hilaria alipewa kazi ya kuandika namba, na aliziandika zote.

Kuanzia Jumatatu hakugusa raba. Alishindwa mara sita zaidi, na zote sita zikabaki daftarini. Mara ya saba aliziacha kete mbili zife, akaenda kujenga eneo upande mwingine. Walipohesabu, alikuwa amemzidi Nyanzala kwa pointi nne. Nyanzala alikunja uso, akaomba warudie kesho.

Mwalimu alilipitia daftari lile ukurasa kwa ukurasa.

“Wiki tatu nilitafuta kosa lako nisilione, kwa sababu ulinificha,” alisema. “Siwezi kumsaidia mtu asiyekuwepo kwenye daftari. Ukikosea, andika ulivyokosea, mwanangu. Hapo ndipo tunapoanza kujifunza.”