Kishati cha Pili

Fundi alitoka uani kunyoosha mgongo, akaona kamba ya nguo imeanikwa vishati viwili vya kichanga. Alivishona mwenyewe, rangi ya kiini cha yai, kimoja cha kuvaa, kimoja cha kubadilisha. Lakini cha pili, jamani, hakikupaswa kuwa juu ya ardhi.

Siku tatu nyuma mkewe alijifungua kwa kupasuliwa, dawa ya usingizi imemchukua. Wakatoka pacha, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mmoja alilia kwa nguvu. Wa pili akalia mara moja, akanyamaza moja kwa moja. Mama yake Fundi akamvuta mwanawe pembeni ya korido.

"Mwenzio ana kidonda cha tumbo, usimwongezee cha moyo. Mwambie ni mmoja."

Fundi akakubali. Akamvika marehemu kishati, akamzika bila jina, haraka haraka, kama mtu anayeficha mali ya wizi.

Sasa alikishika. Kimelowa, kinanuka udongo mbichi. Pindo la mkono wa kushoto halijamalizwa, uzi unaning'inia, kama alivyouacha.

"Hiki umekitoa wapi?" alimuuliza mkewe.

"Si kwenye nguo chafu? Fundi gani wewe, hujui mshono wako!" Mkewe akacheka, ila macho hayakucheka.

Tangu hapo nyumba ikaharibika. Mtoto alinyonya ziwa la kulia tu; la kushoto hakuligusa, nalo halikujaa. Kila siku alizidi kuwa mwepesi. Mchana mmoja Fundi alisimamisha cherehani ili abadilishe uzi, na katika ule ukimya akasikia nyuma ya pazia mtoto akimeza, akapumzika, akameza, na katikati ya kumeza kwake kumeza kwingine, kuzito, kwa pupa, kwa kinywa kilicho kikubwa kuliko cha mtoto, na harufu ya udongo ikapita chini ya pazia ikamjia mpaka miguuni.

Mama yake akamleta mganga, mama mmoja mnene mwenye kikohozi. Alichungulia chumbani, akarudi ukumbini, wala hakuketi.

"Maiti hanyonyi," alinong'ona. "Hilo ni jini. Mmemkana mtoto, limekuta kiti chake kitupu, limekikalia. Mwambieni mama mtu ukweli, mpeni marehemu jina lake, litakosa pa kukaa. Ila leo hii. Likitangulia kupata jina, mimi simo."

"Kesho, mama," Fundi alisema. "Mshono wake bado mbichi."

"Mshono wake, au aibu yako?" Mganga akaondoka na viatu mkononi. Fundi akamsindikiza mpaka barabarani, akimbembeleza arudi.

Asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote. Mama yake alisimama mlangoni, kiganja mdomoni. Mkewe hakulia.

"Nilisikia vilio viwili," alisema. "Usingizi ule haukunifunga masikio. Nikangoja uniambie, mume wangu. Siku ya kwanza nikangoja. Ya pili nikangoja. Ya tatu akaja mwenyewe, ana njaa, kavaa kishati ulichomshonea. Ningemfukuza?"

"Yule si mwanao!"

"Wangu yuko wapi, basi? Nionyeshe."

Fundi akamwita marehemu kwa jina la babu yake, jina alilokuwa amemwekea mtoto wa kiume. Upande wa kushoto wa mkewe, pasipo na mtu, godoro lilibonyea zaidi.

"Umechelewa," mkewe alisema polepole. "Jina analo. Nimempa jana, ulipomsindikiza yule mama."

Akamtoa mtoto ziwa la kulia, akampa baba yake.

"Mshike huyo wako. Mwenzake hajashiba."

Fundi akampokea. Alikuwa mwepesi kama kishati.