Amri Iliyoishia Njiani

Kila asubuhi Mwaisha alichota maji mtoni, akampikia baba yake uji, kisha akashika jembe kwenda shamba. Walikaa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, siku zile za utawala wa Wajerumani. Baba yake, mzee Mikidadi, alikuwa mpiga mbiu wa jumbe, mkuu wa kijiji. Kila amri mpya iliyotoka boma la Morogoro, yeye ndiye aliyepanda nayo mlimani, kitongoji kwa kitongoji.

Mwaka ule amri zilikuwa hazikai. Kwanza watu walikatazwa kuchoma mashamba yaliyo karibu na msitu. Kabla hawajazoea, ikaja nyingine: wachome, ila baada ya mvua ya kwanza. Watu walinuna, na aliyenuniwa alikuwa mzee Mikidadi, kana kwamba amri alizitunga yeye.

Kisha mguu wake ukavimba, akawa hawezi kupanda mlima. Siku hiyohiyo jumbe Hatibu akaleta habari kwamba ruhusa imefutwa. Atakayewasha moto shambani atakamatwa.

"Nenda wewe, mwanangu," baba alimwambia Mwaisha. "Usiache nyumba hata moja."

Mwaisha akapanda. Kila mlango aliobisha alipokewa kwa maneno yaleyale.

"Tena?" aliuliza mzee Alois, akiacha kupalilia. "Na kesho watasemaje?"

"Sijui, babu. Nimetumwa tu."

Jua lilipoanza kushuka, alikuwa amechoka. Ilibaki nyumba moja tu, ya Bibi Anastasia, mjane aliyeishi peke yake juu kabisa, ubavuni mwa msitu. Mwaisha aliutazama mwinuko ule, akaketi. "Atasikia kwa jirani," alijiambia. Akageuka, akashuka.

"Umefika kote?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Mvua ya kwanza ikanyesha. Majani yalipokauka tena, moshi ukaonekana juu mlimani. Jioni askari alipita kijijini, na mbele yake Bibi Anastasia, mikono imefungwa kamba, kaniki yake imejaa masizi.

"Mkaidi huyo," mtu mmoja alisema. "Mbiu si imepigwa?"

Mwaisha aliyasikia maneno hayo. Kulipokucha alimweleza baba yake kila kitu.

Mzee Mikidadi akachukua fimbo yake. "Twende," alisema.

Walimpitia jumbe Hatibu, wakaenda bomani polepole kwa ajili ya ule mguu. Jumbe alimweleza akida, mkubwa wa majumbe wote wa pale, kwamba mjane hakuwahi kuambiwa.

"Nani hakumpelekea habari?" akida aliuliza, hata kichwa hakuinua.

"Ni mimi," Mwaisha alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Baba alinituma, nikarudia njiani. Nikamdanganya kwamba nimefika kote."

"Kazi ni yangu, bwana akida," alisema mzee Mikidadi.

Akida aliwatazama, akapumua kama mtu aliyechoka pia. Akaamuru mjane afunguliwe. Mzee Mikidadi akaondolewa kazini.

Njiani kurudi, Mwaisha alimwomba Bibi Anastasia msamaha.

"Kamba haikuniuma sana," bibi alisema. "Kilichoniuma ni kuulizwa kwa nini nimekaidi, nami sijui nimekaidi nini. Lakini umekuja kusema. Nimekusamehe."

Mwaisha akaanza kulia. "Baba, nimekupotezea kazi."

"Sikiliza," baba alisema. "Amri zile hatukuzitunga sisi, na kesho zinaweza kugeuka tena. Lakini ukikabidhiwa habari ya watu, ifikishe mpaka mlango wa mwisho. Ukichoka, pumzika, kisha uendelee. Na ukishindwa, sema umeshindwa. Ungeniambia jioni ile, ningemtuma mtu mwingine, na bibi yako asingelala bomani."

Mwaisha alifuta machozi. Akaingiza bega lake chini ya kwapa la baba yake ili amwegemee, wakaendelea kutembea.