Karafuu Mchana wa Ramadhani

Pipa la petroli lilikuwa limejaa maji. Gari la wagonjwa lilitiwa mafuta ya pipa hilo asubuhi, likazimika kabla halijatoka Iringa mjini.

Ilikuwa mwaka 1957. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa, petroli ikawa adimu, na vibali vilikwenda serikalini na kwa walowezi. Kufuli la ghala la serikali lililohifadhi pipa hilo halikuvunjwa. Mlinzi, Kasian, ndiye aliyekuwa na ufunguo, kwa hiyo alikuwa mahabusu tayari, na wakubwa walitaka afikishwe mahakamani kesho yake.

Inspekta Makame hakuzipenda kesi rahisi namna hiyo.

"Ufunguo ulimpa nani?"

Kasian alisitasita. "Ahmadi, afande. Yule mwenye lori la nyanya. Hunishikia zamu alfajiri niende misa, maana ni Kwaresma. Lakini yeye amefunga Ramadhani. Mtu aliyefunga hawezi kuiba."

Makame, ambaye naye alikuwa amefunga, aliguna. Kama angeamini hayo, angekwisha kuacha kazi zamani.

Alimkuta Ahmadi barazani kwake, lori limeelekezwa njia ya Mbeya.

"Umefunga?"

"Alhamdulillahi, nimefunga."

"Sogea."

Kinywa cha Ahmadi kilinukia karafuu.

"Aliyefunga anatafuna karafuu adhuhuri? Unafunika harufu gani?"

"Tumbo tu, Inspekta."

Makame aliwajua wengi wanaokula mchana kwa siri. Hao hujificha kwa ajili ya wali, si karafuu. Nyuma ya mlango aliona bakuli lenye utando wa maziwa.

"Dereva akivuta petroli kwa mpira ikampita kooni, hukimbilia maziwa. Fungua tangi."

Tangi lilikuwa limejaa.

"Kibali kiko wapi?"

Ahmadi alikaa chini kwa kishindo.

"Nimeiba mimi. Kasian alipokwenda misa nikavuta petroli, nikajaza maji. Kibali nimeomba mpaka nimechoka. Wananiambia petroli ni ya mashamba ya Wazungu. Nyanya za watu wa Ilula zinaoza humo garini, jasho lao wamenikabidhi mimi. Ningewatazamaje?"

"Na Kasian?"

"Nilidhani watamwachia."

Makame alimkasirikia kweli sasa. "Maziwa umeyapata wapi?"

Ahmadi alifunika uso kwa mikono.

"Kwa Apolonia, mke wa Kasian. Alikuwa anatoka kituoni kumpelekea mumewe uji, akaniona najikunja kwa maumivu. Hakutaka hela. Alisema nimwombee Kasian, kwa kuwa mwezi huu dua zetu Waislamu zinasikika."