Picha ya Kifua cha Alasi

Kila jioni baada ya shule, Alasi na binamu yake Nivi walisimama jikoni kwa bibi yao, katika kijiji chao cha kaskazini penye barafu, uso kwa uso, wakaimba kwa sauti za kooni kama mama zao, mchezo wa kupokezana, huyu akivuta pumzi ya yule. Wa kwanza kucheka au kukatika pumzi alishindwa.

Jioni hiyo Alasi alikatika. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Umeshindwa!" Nivi alishangilia. "Nawe kila siku kikohozi tu!"

"Nimepaliwa na chai bwana." Chai yenyewe hakuwa ameigusa.

Ukweli ni kwamba Alasi aliogopa. Kifua kikuu kilikuwa kimeonekana kijijini, na nesi alikuwa akiwapiga watoto wote eksirei ya kifua, darasa kwa darasa. Darasa lake lilipoitwa, Alasi alijifungia chooni. Wenzake wangemwita "mapafu mabovu", na nani angekubali kuimba naye tena?

Kesho yake Nivi hakuja shuleni. Alikuwa zahanati, ana homa. Alasi alihisi uso unamwiva kwa aibu. Alikimbia hadi kwa bibi, aliyekuwa akikwangua ngozi ya sili, mnyama wa baharini.

"Bibi, ni mimi niliyemwambukiza! Nakohoa tangu theluji ianze, nikaficha."

Bibi aliweka kisu chini. "Vaa koti. Twende."

Zahanati, Alasi alibanwa kifua kwenye bamba la baridi. "Vuta pumzi. Ibane. Usitikisike," nesi alisema. Ikaisha kabla hajaanza kuogopa.

Picha ilionyesha doa kwenye pafu la kulia. "Utapona," nesi alisema, "ila dawa umeze mpaka mwisho. Picha ya Nivi ni safi, ana mafua tu. Hata hivyo tutampima tena."

Nivi alikuwa benchini, anasikia yote. Alasi alishindwa kuinua macho.

"Utotoni mwangu," bibi alisema polepole, "aliyeonekana na doa alipakiwa melini, akapelekwa hospitali za mbali kusini. Dada yangu hakurudi. Ndiyo maana tulijifunza kuficha. Lakini leo dawa utanywea jikoni kwangu. Ukificha kikohozi, mjukuu wangu, unampelekea yule unayempenda."

"Kumbe hukupaliwa," Nivi alisema.

"Nilikudanganya. Nisamehe, Nivi."

"Haya, pona upesi. Ila ushindi wa jana ni wangu, sirudishi!"

Alasi alicheka, uso bado umemwiva, akawa ameshindwa mara ya pili.