Povu Lililokataa Kupanda

Likizo ile, kila asubuhi Chiriku alifuatana na mama yake mdogo kazini, kwenye maabara ya mimea. Jina hilo la utani alilipata kihalali, maana mdomo wake haukujua likizo. Alifuta meza, akaosha vinu vidogo vya kusagia majani, na kuuliza maswali mpaka watu wakakimbilia chai.

"Mahindi yakikosa maji," Mama Mdogo alimweleza, "majani hutengeneza vimeng'enya vya kujikinga. Tunasaga jani, tunadondoshea dawa, povu linapanda. Povu likiwa jingi, mmea una kinga nzuri. Ila rojo la jani lazima likae kwenye barafu. Likipata joto, vimeng'enya vinaharibika na kazi yote ni bure."

Siku hiyo walikuwa wapime mche wenye utepe mwekundu. Mama Mdogo aliulea kwa muda mrefu, akiunyima maji makusudi. Mkuu wa maabara angekuja kuamua kama mbegu yake iendelezwe au itupwe.

Jua liliwaka dirishani. Mama Mdogo alipotoka kumpokea Mkuu, Chiriku aliitazama ndoo ya barafu yenye kichupa cha rojo la mche ule. "Kidogo tu," akajiambia. Akafunga barafu kwenye leso, akajiwekea shingoni. Raha iliyoje! Akaongeza, akaongeza tena. Iliyobaki ikayeyuka, na kichupa kikabaki kinaota jua.

Mkuu alipofika, Mama Mdogo kwa haraka akachukua kichupa bila kuitazama ndoo, akadondosha dawa. Wakangoja. Povu halikupanda hata la kusingizia.

"Pole, dada," Mkuu akasema. "Mche huu hauna kinga. Tuachane nao."

Machozi yakamlengalenga Mama Mdogo. Siku zote kunyamaza ndiko kulikomshinda Chiriku, lakini leo ulimi ulikuwa mzito.

"Si mche, Mkuu," akasema hatimaye. "Ni mimi. Nilichukua barafu nikajipoza shingo."

Mkuu akaitazama kola iliyolowa. "Kumbe! Nilidhani umeoga na shati."

"Mtoto wewe!" Mama Mdogo akafoka. "Barafu yangu?"

Akachuma jani jingine, akalisaga juu ya barafu mpya, akadondosha dawa. Mkuu akainama kuchungulia. Povu likapanda, likafurika, likamrukia kwenye tai.

"Mbegu inabaki!" akasema akijipangusa huku akicheka.

"Nisamehe, Mama Mdogo," Chiriku akanong'ona.

"Nimekukasirikia, sikufichi," Mama Mdogo akajibu, akimshika bega. "Usiguse tena kitu cha kazi bila ruhusa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungenyamaza, mbegu nzuri ingetupwa, na wakulima wangeikosa siku ya ukame. Kosa likisemwa mapema hurekebishika, mwanangu. Umefanya vyema kusema."

"Ahsante, Mama Mdogo."

"Haya, nenda kajaze ndoo ya barafu. Na hiyo leso iache hapa!"