Vifaranga Walioshiba Wakakonda

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare ya shule, Sabuni alikuwa na kazi tatu bandani: kumwaga maji ya jana, kusugua vyombo, na kujaza chakula. Jina la Sabuni alibandikwa na mjomba wake, kwa sababu mtoto huyo hakuweza kuona uchafu akaupita. Mdogo wake akiomba kipande cha mkate, alitakiwa kwanza aonyeshe kucha.

Vifaranga walikuwa wa mjomba, mia tatu, katika banda la mabati nyuma ya nyumba. Ndio waliokuwa riziki yake. Lakini mjomba alikuwa ameteleza kwenye ngazi akiziba tundu la paa, na sasa alilala chali, mguu mmoja umefungwa plasta hadi pajani. Kitanda chake kilisogezwa dirishani, alisikie banda hata kama halioni.

"Sasa wewe ndiye macho yangu," alimwambia Sabuni.

Vifaranga walipotimiza wiki mbili walianza kukohoa. Daktari wa mifugo, mwanamke mfupi wa maneno machache, alikuja na mabuti yake ya mpira akaacha kopo la unga wa dawa. Kijiko kimoja kwa ndoo ya maji, siku tano. "Siku ya sita usiwape tena," alisema. "Kinachobaki kirudi kabatini."

Siku ya tatu kikohozi kilikwisha. Vifaranga wakachangamka, wakaanza kusukumana penye chakula. Mjomba alizisikia kelele zao akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke. "Mkono wako una baraka," alimwambia.

Siku ya sita Sabuni alisimama na kopo mkononi. Lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Aliwaza kwamba ikiwa siku tano zimeua vijidudu vingi hivyo, siku ishirini zitavimaliza kabisa. Akachota kijiko, akakoroga. Wiki iliyofuata akatia viwili. Mjomba hakuuliza, naye hakusema.

Dalili ya kwanza ilikuwa ukimya. Banda ambalo kila asubuhi lilikuwa na makelele kama soko lilianza kunyamaza. Vifaranga walikula, tena walikula sana. Vyombo vilikuwa vitupu kabla ya saa sita. Lakini Sabuni alipomnyanyua mmoja, kidole chake kiligusa mfupa wa kifua, umechongoka kama mgongo wa kisu. Alimweka chini, akashika mwingine. Ulikuwa vilevile.

Kisha akaona kinyesi. Chenga za mahindi alizomimina jana zilikuwa zimelala kwenye maranda ya mbao yaliyotandazwa sakafuni, zimelowa na kung'aa, nzima kama zilivyoingia. Chakula kilipita ndani ya vifaranga kama maji yanavyopita kwenye bomba. Harufu ya uchachu ilimfanya azibe pua.

Sabuni aliogopa. Akatia kijiko cha tatu.

Kesho yake walikufa wawili. Siku iliyofuata watano, halafu kumi na mmoja. Aliwatia kwenye mfuko, akawafukia nyuma ya banda.

"Wangapi leo?" mjomba aliuliza kutoka dirishani.

"Wawili tu, mjomba."

Mjomba alitega sikio. "Mbona kimya hivi?" alisema, kama anayejisemea. Kisha akanyoosha mkono, akachukua simu.

Daktari alifika mchana. Alizunguka banda polepole, akainama, akashika kifaranga mmoja, akampapasa kifua na kumrudisha. Alipotoka alisimama mbele ya dirisha la mjomba.

"Wamepewa nini zaidi ya chakula na maji?"

"Ile dawa yako tu, siku tano," mjomba alijibu.

Daktari alimgeukia Sabuni. "Siku tano?"

"Ndiyo, daktari."

 Daktari aliangalia ng'ambo ya ua wa miti, ambako kuku kumi na wawili wa bibi jirani walikuwa wakiparura udongo. Walikuwa kuku wazee, miguu imejaa matope, na bibi aliishi nao peke yake tangu watoto wake walipohama.

"Nachukua sampuli za vifaranga hawa, na kinyesi cha kuku wale pia," daktari alisema. "Majibu baada ya siku tatu. Ikiwa ni ugonjwa ninaouhofia, kuku wote wa mtaa huu watauawa na kufukiwa. Kuku wa bibi wafungiwe kuanzia sasa. Wanaoubeba mara nyingine hawaugui, ila wanaambukiza."

Habari ilienea kabla ya jioni. Watu walisimama vikundi vikundi wakiuangalia ua wa bibi. Mmoja akasema kuku wachafu vile lazima walete balaa. Mwingine alirusha jiwe juu ya miti, na kuku mmoja akalia.

Siku ya pili, Sabuni akitoka shule, aliwakuta wanaume wanne kwenye uwanja nyuma ya nyumba zao wanachimba shimo. Lilikuwa tayari limewafika kifuani. Kando yake ilipangwa mifuko ya chokaa. Yalisikika majembe tu. Mdogo wake alikuwa amekaa ukingoni, miguu ikining'inia, anauliza kama kuku watatiwa wakiwa hai. Wanaume waliendelea kuchimba. Sabuni alimshika mkono akamvuta nyumbani.

Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko lake. Ndani kulikuwa na giza, na kuku wake walikuwa wamejazana chini ya meza. Mmoja alikuwa amefungwa kitambaa mguuni.

"Mjukuu wangu, njoo," bibi aliita. "Wewe ndiye unayewalisha wale vifaranga. Umewahi kuwaona kuku wangu wakiingia bandani kwenu?"

"Hapana, bibi."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Basi nisemee kwa daktari. Mimi nikisema, wanadhani najitetea."

Sabuni aliitikia kwa kichwa. Alikwenda moja kwa moja hadi bandani. Alilichukua kopo nyuma ya gunia la chakula, akaenda nalo kwa mjomba, akaliweka juu ya shuka.

Mjomba alilifungua. Lilikuwa limekwanguliwa hadi chini.

"Niliendelea kuwapa," Sabuni alisema. "Wiki tatu. Mwisho vijiko vitatu. Na waliokufa si wawili, mjomba. Nimekudanganya. Wamefika arobaini."

Mjomba alilifunika kopo. Sabuni alitamani agombe, apige kelele, afanye chochote. Badala yake alibonyeza simu, akampa. "Mwambie daktari mwenyewe. Usipunguze neno."

Daktari alikuja kabla jua halijazama. Alimweka kifaranga mfu juu ya ubao, akampasua, akamwita Sabuni karibu. Utumbo ulikuwa umepauka, mwembamba kama karatasi iliyolowa, umevimba hewa. Ndani yake chakula kilikuwa hakijaguswa.

"Ndani ya utumbo wa kuku wanaishi bakteria wasiohesabika," alisema. "Wachache ni wabaya. Wengi wanamsaidia kusaga chakula na kupata nguvu, tena wanawazuia wale wabaya wasipate nafasi. Samaki wa bwawani wanao pia. Hata wewe unao. Dawa hii haichagui. Kwa siku tano iliua waliokuwa wakiwakohoza. Kwa wiki tatu imewaua waliokuwa wakiwalisha. Kuku anakula, tumbo linajaa, lakini mwili haupati kitu. Anakufa njaa ameshiba."

Alifungua mkoba, akatoa chupa ndogo. "Leo nilikuja na dawa kali kuliko ile. Nilikuwa nimeamua kuwaanzishia usiku huu, wakati tunasubiri majibu. Ningewamaliza wote." Akairudisha chupa mkobani.

Majibu yalitoka: ugonjwa ule uliohofiwa haukuwepo. Kinyesi cha kuku wa bibi nacho kilipimwa, hakikuwa na minyoo wala maradhi. Daktari aliagiza maji safi bila dawa, chakula laini, na kinyesi kidogo cha kuku hao wenye afya, kikichanganywa na yeye mwenyewe kwa kipimo, ili bakteria wema warudi kwenye matumbo ya vifaranga. "Mtu asijaribu haya bila kupima," alionya. "Na nyama yao isiliwe mpaka niseme."

Sabuni ndiye aliyetumwa kwenda kuomba. Alimweleza bibi kila kitu, amesimama nje ya jiko, machozi yakimtiririka. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwonyesha yule kuku aliyefungwa mguu.

"Huyu amepigwa jiwe kwa sababu yako," alisema. "Utakuja kumwosha kidonda mpaka apone." Halafu akamletea bakuli.

Mdogo wake alimwona akivuka na bakuli la mavi ya kuku, akacheka hadi akakaa chini. Sabuni hakujali.

Vifo havikukoma siku hiyo. Siku nne zaidi Sabuni alimhesabia mjomba idadi kamili: tisa, sita, sita, mmoja. Siku ya tano hakufa hata mmoja. Wiki ya pili kelele zilianza kurudi, chache, kama watu wanaoamka. Wanaume walilifukia shimo, na aliyerusha jiwe alimpelekea bibi mahindi bila kumwangalia usoni.

Siku mjomba alipoweza kusimama kwa magongo, alikwenda bandani. Daktari alikuwa ndani akipima uzito wa vifaranga. Mjomba aliwatazama waliobaki, akamtazama na mpwa wake.

"Wanaongezeka uzito," daktari alisema. "Lakini nakwambia ukweli, Sabuni. Siku ile nilitafuta ugonjwa kwenye damu, kwenye utumbo, kwa jirani yenu. Jibu lilikuwa mdomoni mwako. Dawa ina kipimo, na kipimo hicho hakifuati hamu yetu. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla kosa lako halijapata mtu wa kulibeba."

"Nimesikia, daktari."

Mjomba alimwekea mkono begani, uzito wake wote ukimlemea. "Mimi sikuhuzunika kwa vifaranga peke yao," alisema. "Nililala pale dirishani nikiuliza, nawe ukanijibu wawili. Mtu asiyeweza kwenda kujionea anategemea maneno anayoletewa. Haya, nishike tutoke, mguu umeanza kuuma."

Walitoka taratibu, hatua kwa hatua, Sabuni akimwambia kila mahali palipokuwa na jiwe.