Kikombe Kile Kile, Uzito Mwingine

Kila wiki Mama Sabuni alitengeneza sabuni uani. Mafuta ya mawese lita mbili. Kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kikombe kimoja cha bati. Miaka sita kikombe hakikumwangusha. Alishaambiwa kwamba gramu ni mambo ya waliosoma. Waliomwambia hivyo hawanunui hata nyama bila mizani.

Asubuhi moja alikuwa akikata sabuni zilizokaushwa wiki nne. Vidole vikaanza kuwasha, kisha kuchoma. Alinawa kwa maji mengi, ngozi ikabaki nyekundu. Ndipo akakumbuka: mche wa kwanza alikuwa amempa wifi yake sasa hivi, wa kumwogeshea mtoto wa siku kumi.

Alikimbia bila viatu, nyumba ya nne. Beseni lilikuwa tayari. Mtoto alikuwa amevuliwa nguo. Mkono wa wifi ulikuwa na povu.

"Wifi, weka chini hiyo sabuni. Usimguse mtoto kwa mkono huo."

Wifi alimtania kwamba mkono mtupu haulambwi, lakini hajasikia zawadi ikidaiwa kwa mbio. Kisha kiganja kikaanza kumchoma. Utani ukaishia hapo. Mama Sabuni alimmiminia maji, jagi baada ya jagi, mtoto akilia kitandani kwa baridi, mzima.

"Umetia nini humu?"

"Kile kile cha siku zote, wifi yangu."

"Cha siku zote hakichomi. Ungeniulia mtoto."

Kelele zilimleta jirani yao, Bi Gramu. Yeye ni mfagizi wa maabara ya shule. Alijifunza kupima kwa kusikiliza masomo ufagio ukiwa mkononi, na jina hilo alipewa kwa dhihaka. Hakumlaumu mtu. Aliomba tu kuiona kostiki.

Uani kwa Mama Sabuni, kostiki ya zamani, iliyobaki kidogo, ilikuwa magamba mapana. Ya mfuko mpya ilikuwa punje ndogo. Bi Gramu alivaa glavu, akaweka kikombe kitupu juu ya mizani aliyoileta kutoka kwake, akairudisha kwenye sifuri. Kikombe cha magamba: gramu mia mbili na arobaini. Kikombe cha punje: gramu mia tatu.

"Kikombe kinapima nafasi," akasema. "Magamba yanaacha mianya, punje zinabanana. Mafuta hayajui kikombe chako. Yanajua uzito. Gramu sitini zimezidi; nyingi kati yake zimekosa mafuta, zimebaki zinasubiri ngozi ya mtu."

Mama Sabuni alilalamika kuwa muuzaji hakumwambia.

"Yeye anauza kwa kilo, wewe anakuacha na kikombe. Utamngoja mpaka lini?"

Akaongeza kuwa lita nayo ni nafasi. Lita mbili za mafuta yale si kilo mbili; zilipopimwa zilikuwa kilo moja na gramu mia nane.

Miche yote iliyotoka mfuko mpya, kazi ya wiki nne, ilitengwa. Hakuna hata mmoja uliouzwa. Mama Sabuni alinunua mizani, akaanza upya.

Sabuni mpya ilipokauka, aliipeleka kwa wifi. Wifi alisimama mlangoni, hakumkaribisha.

"Kostiki gramu ngapi?"

"Mia mbili na arobaini."

"Kwa mafuta kiasi gani?"

"Kilo moja na gramu mia nane."

Wifi aliipokea, akajisugua kwanza kwenye kifundo cha mkono wake. Wote wawili walingoja kuona kama itachoma. Kisha akamvua mtoto nguo.